Jina la Denise kwenye Listi ya Alhamisi

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Séphora mlangoni pa ofisi ya apariteri, mkuu wa nidhamu wa chuo, Papa Fabien amemnyooshea kidole mbele ya watu wote. Tangu siku ile mnanisimamisha njiani, mnaniuliza: huyu msichana atasema ao hatasema? Ngojeni kidogo, tunafika.

Kwa wewe ambaye gazeti lilikupita, mambo ni haya. Denise, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kilimo katika chuo kikuu cha serikali hapa Bunia, hajaonekana tangu Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Listi ya présence, ile karatasi ambayo kila mwanafunzi anatia sahihi asubuhi na tena kisha midi, baada ya saa sita, inasema Alhamisi Denise alikuwa darasani mpaka saa kumi. Basi wanafunzi wakakata shauri: amenyakuliwa kwenye kile kijia cha majani marefu, kutoka darasani kwenda home, bweni la wasichana. Wanakijua vizuri. Hakina taa, hakina ukuta, na mwaka huu huu wasichana wawili walipigwa pale na kunyang'anywa telefone.

Mlinzi wa kijia hicho ni mmoja, Papa Fabien, sentineli wa home, mzee mwenye filimbi na fimbo. Wanafunzi walimkamata tangu asubuhi. Aliyewaongoza ni Fiacre, CP, yaani kiongozi wa darasa, kijana mwenye maneno mengi na hasira karibu. Walimleta kwa apariteri, na apariteri akaita polisi wawili.

"Sema tena mbele ya wote," Fiacre alimwambia mzee.

"Nasema tena," Papa Fabien alijibu. "Alhamisi mimi mwenyewe nilimufungulia Denise mulango ya home, saa kumi na moja ya asubuhi. Alikuwa na jembe na gunia. Ku inive, ku masomo, hakufika. Muulize Séphora. Aliniuliza mwenzake iko wapi, nikamuambia."

Vichwa vyote vikageuka.

"Séphora," Fiacre akasema. "Wewe njo munalala naye chumba moja. Ni kweli?"

Ni kweli, ndugu msomaji. Alhamisi Séphora aliamka akakuta kitanda cha Denise kitupu, akamuuliza mzee, mzee akamwambia habari ya jembe na gunia. Akaelewa mara moja. Mama yake Denise anaishi kwenye site ya wakimbizi, ukingoni mwa mji, na juma lile chakula hakikugawiwa. Denise amekwenda kung'oa muhogo kwenye shamba lao la zamani, juu ya barabara ya Bambu, masaa manne kwa mguu.

Sasa fahamu na hili. Juma lile alikuwapo profesa mgeni kutoka Kisangani. Hao wa namna hiyo wanakuja kumaliza somo zima kwa siku nne, asubuhi mpaka jioni, wanafunzi wamebanana, kila mtu na kiti chake cha plastiki alichokibeba kutoka nyumbani. Siku ya kwanza profesa alisema: ukikosa mara tatu, mtihani hutafanya. Denise alikuwa amekosa mara mbili tayari, Jumatatu na Jumanne, alikaa kwenye mstari wa chakula wa site kwa niaba ya mama yake aliyekuwa mgonjwa. Mara ya tatu ingemlia mwaka mzima.

Listi ilipomfikia, Séphora akatia sahihi yake. Kisha akatia na ya Denise. Kisha midi akafanya vilevile. Denise hakumtuma. Alifanya kwa upendo, jinsi wote wanavyofanyiana pale, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu hiyo.

Lakini sheria ya chuo inajulikana. Anayemsainia mwenzake anafukuzwa, bila kuulizwa mara mbili. Séphora ni mtoto wa Katsuva, muuza mabati aliyehamia hapa kutoka Butembo, na ni wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu. Baba yake anamtaja kanisani kila Jumapili.

"Séphora," Fiacre akarudia. "Muzee alikuambia?"

"Hapana," Séphora akasema. "Sikumbuki."

Lichukieni neno hilo, mna haki. Mimi pia nililiandika nikiwa nimeuma meno.

Papa Fabien hakupaza sauti. Alimtazama tu. "Mutoto yangu," alisema, "ile malaria yako ya mwezi wa tatu, nani alikuwa anakuchotea maji?"

Séphora akaangalia sakafu. Apariteri akagonga listi kwa kidole. "Mimi niko na karatasi hapa, muzee. Na weye uko na mudomo tu." Polisi wakamshika mzee mikono, wakampeleka kasho, mahabusu ya polisi. Fimbo yake ilibaki imeegemea ukutani, hakuna aliyeichukua.

Pembeni, kwenye benchi, alikuwa ameketi mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Mama Denise. Alisimama, akamwendea Séphora moja kwa moja, na Séphora akafumba macho akingoja kofi.

Kofi halikuja. Mama Denise alimshika mikono yote miwili.

"Aksanti," alisema. "Aksanti, mwanangu. Umenirudishia roho."

Séphora hakuelewa.

"Hamukusikia habari ya Alhamisi, huku kwenu?" mama akaendelea. "Batu ya silaha waliangukia wamama ku njia ya Bambu, wale walienda kuchimba mihogo. Watatu walikufa. Wengine walipelekwa, na hatujui wapi. Jirani yangu, Mama Elysée, anasema alimuona Denise mu ile kundi saa walikuwa wanatoka. Anaapa. Mimi ninamuambia: uliona mutoto ya mwengine, yangu alikuwa ku inive, alisinya karatasi. Sasa huyu muzee aniletee tena maneno ya jembe? Ningekufa. Na weye umemukatalia mbele ya wote."

Hapo ndipo Séphora alipojua amefanya nini. Habari ya barabara ya Bambu aliisikia tangu Ijumaa. Aliisikia, akaifukuza kichwani, akajiambia Denise amelala kwa mama yake. Jumamosi akajiambia vilevile. Jana, kanisani, akajiambia tena, na hakuimba hata wimbo mmoja.

"Kuya na mimi ku site," Mama Denise alisema. "Wamama wameleta mikeka tangu juzi. Wanataka wakae matanga mbele ya nyumba yangu na mutoto yangu hajakufa. Niliwafukuza, wanarudia. Weye unalala naye. Uwaambie na mudomo yako, watanisikia."

Fiacre akasema atawapeleka kwa pikipiki yake, huo ni wajibu wa CP. Mama akaketi katikati, Séphora nyuma yake. Njia nzima mama alizungumza kama mtu aliyepona homa. Alisema Denise akimaliza masomo watarudi kulima, na safari hii watalima kwa akili ya shule. Séphora alikuwa amemshika kiunoni, anasikia mbavu zake chini ya kitambaa.

Site ni mistari ya vibanda vya plastiki kwenye mteremko, moshi kidogo na matope mengi. Mbele ya kibanda cha Mama Denise walikuwa wamesimama wanawake saba au wanane, kila mmoja na mkeka kwapani. Walisimama tu. Huwezi kuketi matanga kwa mtu aliyekukataza. Juu ya kamba ilining'inia blauzi nyeupe ya kanisani ya Denise, imefuliwa, ingali inachuruzika maji. Jiko lilikuwa baridi.

"Mwaniona?" Mama Denise alisema kwa kiburi kidogo. "Huyu njo mwenzake wa chumba. Sema, mwanangu. Alhamisi Denise alikuwa wapi?"

Wanawake wakangoja. Fiacre akazima pikipiki ili asikie.

Ndugu msomaji, ni rahisi kusema wewe ungesema. Séphora aliona mambo mawili kwa pamoja. Akisema alikuwa darasani, mzee ataoza kasho na mama huyu atalala usingizi. Akisema hapana, mzee atatoka, na mama huyu hatalala tena. Na yeye mwenyewe atarudi dukani kuuza mabati.

"Sema tu, usiogope," mama alimsihi.

"Mama Denise," Séphora akasema, "hakuwa darasani."

"Nini?"

"Ile sinyatire ni yangu. Mimi njo nilimusinyia."

Mama alitabasamu bado, kwa sababu uso wake ulikuwa haujapata habari. "Ya asubuhi," alisema. "Ulimusinyia ya asubuhi, juu alichelewa."

"Ya asubuhi, mama. Na ya kisha midi."

"Alikutuma?"

"Hapana. Hakujua. Alibakiza absence moja tu, nikaogopa watamukatalia mutihani. Papa Fabien hakudanganya. Alienda na jembe."

Mama Denise aliuliza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeuliza njia.

"Ijumaa ulijua?"

"Nilijua."

"Jumamosi?"

"Nilijua, mama."

"Na leo, mule mu biro ya apariteri, nikikushika mikono, nikikuambia aksanti. Uliniacha niko nafurahi."

Séphora alipiga magoti kwenye matope. Alitaka kusema nisamehe, na aliona aibu hata ya kuomba. Alilia kwa uchungu, wa Denise, wa mzee, na wa hii mikono iliyomshika vizuri saa moja iliyopita.

Mama Denise hakumpiga. Hakumtukana. Alimwendea Mama Elysée, akauvuta mkeka kwapani mwake, akaukunjua. Akautandika mwenyewe mbele ya mlango wake, akanyoosha pembe kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mukae," aliwaambia wanawake. "Nilikuwa mujinga. Mukae."

Akaketi wa kwanza. Alipofungua kinywa, ilitoka sauti ambayo sitaiandika hapa. Wanawake wakaketi kumzunguka, wakamshika kila mahali pa kushika.

Fiacre alikuwa ameshuka kwenye pikipiki. "Séphora," alisema, "uliniacha nimufunge kamba muzee ya batu. Nilimusukuma. Alianguka mbele ya wanafunzi, na siye tulicheka."

"Leta karatasi," Séphora alimjibu.

"Ya nini?"

"Leta tu."

Alimpa daftari na kalamu. Séphora aliandika akiwa amepiga magoti palepale, daftari juu ya paja. Mimi, Séphora Katsuva, ndiye niliyetia sahihi ya Denise siku ya Alhamisi, asubuhi na kisha midi. Papa Fabien alisema kweli na mimi nilidanganya. Akaandika tarehe, akatia sahihi yake, safari hii yake ya kweli.

Fiacre alisoma. "Na hii watakufukuza. Unajua?"

"Najua."

"Papa yako atasema nini?"

"Enda, Fiacre. Mutu iko mu kasho."

Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati, akaondoka kwa kasi mpaka matope yakaruka. Nami nawaambia mapema ili msisumbuke: Papa Fabien alitoka kabla ya jua kuzama. Alikataa kurudi chuoni, hata kuchukua fimbo yake. Wasichana mia moja na themanini wanalala sasa bila mlinzi, na hilo tutalizungumza siku yake.

Turudi kwenye mkeka. Wote walikuwa wameketi, ila mmoja. Mama Elysée, yule jirani aliyesema tangu mwanzo, alikuwa bado wima.

"Mama Denise," alisema. "Usilie ya kumaliza. Kuko neno moja nilikuambia Jumamosi, ukaziba masikio."

Mama aliinua macho.

"Wale watatu walikufa, mimi niliwaona wote. Denise haiko kati yao. Lakini kuko mumoja basoda wa jeshi waliokota muzima Ijumaa. Iko hospitali. Ni mutoto mwanamuke, urefu ya Denise. Alikatwa ku uso, wamemufunga bandeji yote, haongei, na hakuna mutu alienda kumuulizia. Nilikuambia enda uangalie. Ulinijibu: nikienda kuangalia, ni kama nakubali."

Mama Denise alikuwa amesimama kabla mwenzake hajamaliza. Hakumwita Séphora, na hakumkataza. Walikwenda kwa miguu, mama mbele, msichana nyuma hatua kumi. Séphora alikuwa anaomba: awe yeye, hata bila uso, awe yeye.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama mnene, mchovu. "Uko nani yake?" aliuliza.

"Mama yake," Mama Denise alijibu bila kusita.

"Umekawia, mama. Siku tatu tunamulisha siye, tunasema huyu hana batu. Tangu aletwe hajasema neno."

Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Kichwa chote kilikuwa bandeji, ila mdomo na jicho moja lililofumba. Mwili ulikuwa wa Denise: mabega yale, urefu ule. Séphora alisema kimya, Mungu, aksanti.

Mama Denise hakuangalia kichwa. Alikwenda miguuni, akainua shuka polepole. Séphora aliyajua aliyokuwa anayatafuta, kwa maana ameishi na Denise miaka miwili: kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, kilichokatwa na jembe akiwa mtoto.

Vidole vyote kumi vilikuwa pale.

Mama aliviangalia muda mrefu. Kisha akashusha shuka.

"Haiko yeye," alisema.

Séphora aliuma kitambaa chake asipige kelele. Alingoja mama aanguke, ao atoke mbio. Mama alifanya kingine. Alimwomba muuguzi beseni ya maji na kitambaa. Miguu ya yule msichana ilikuwa bado na udongo mwekundu wa barabara, hakuna aliyepata nafasi ya kuisafisha. Mama Denise aliketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuiosha, mguu mmoja, kisha mwingine, katikati ya vidole.

"Huyu naye iko na mama fasi fulani," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mikono haikusimama.

Séphora alisogea. "Mama Denise," alinong'ona, "unipatie, nikusaidie."

Jicho likafunguka.

"Denise?" alisema yule wa kitandani. Sauti ilikuwa kama mkwaruzo. "Denise wa inive?"

Kitambaa kilisimama. Muuguzi aliyekuwa mlangoni akarudi ndani.

"Unamujua?" Mama Denise aliinama mpaka karibu na mdomo wake. "Mimi njo mama yake. Unamujua mutoto yangu? Iko muzima?"

"Walituvusha muto," msichana alisema. Alisema kidogo, akapumua, akasema tena. "Siye wanne. Denise alikuwa ananishika. Ku kilima mimi nilianguka, wakanikata, wakaniacha. Yeye alikuwa muzima. Alikuwa anatembea."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Séphora alishika ukuta.

"Nilisikia wakiongea," msichana aliendelea. "Watangoja siku tano ng'ambo ya muto. Wenye batu yao wataulizia, watasikilizana nao bei. Mwenye haulizwi, siku ya tano watapanda naye ku pori ya mbali. Kule mutu harudi."

Siku tano. Séphora alihesabu kwa vidole kama mtoto, kuanzia Alhamisi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Leo ni ya tano. Na jua la dirishani lilikuwa limeanza kulala.

"Denise hakulia," sauti ile ikasema. "Siye tulikuwa tunalia. Alituambia munyamaze. Siye ku inive, alisema, listi inapita kila siku. Leo ikipita wataona jina yangu haina sinyatire. Séphora iko kule. Séphora hatanyamaza. Kesho asubuhi tutakuwa tumeulizwa."

Msichana alipumzika kidogo. Jicho lake moja lilimtafuta Mama Denise.

"Mama," aliuliza, "waliona?"

Mama Denise aligeuka na kitambaa chake kilicholowa, akamtazama Séphora, akangoja yeye ndiye amjibu yule msichana.